Mwenye Nyumba Asiyekuwa na Ufunguo

Mwenye nyumba wangu wa Keroka hakuwa na ufunguo wa chumba changu. Kufuli za siku zile ziliuzwa na funguo mbili, na siku tuliyohamia alimkabidhi mume wangu zote mbili. Mume wangu alidhani mzee amejisahau, akamrudishia mmoja. Mzee akarudi nyuma hatua mbili, mikono mgongoni.

"Wa nini?" akauliza. "Mimi nalala kwangu."

Tangu wakati huo nimepanga kwa wenye nyumba wengine, na wote walikuwa na ufunguo wa pili. Mmoja alikuwa akiingia kuangalia kama nimefunika maji. Kwa hiyo mtu akinisikia nikimsifu yule mzee asidhani sijaona dunia. Sitataja jina lake. Sisi wapangaji tulimwita Mwenye Nyumba, hata mbele ya uso wake, na aliitika kwa furaha, maana kwa watu wa rika lake kujenga vyumba vya paa la mabati nyuma ya maduka ya Keroka, kwa jasho la pareto, halikuwa jambo dogo.

Namkumbuka kwa mengi, lakini zaidi kwa sababu ya mwaka ule mume wangu alipofariki na shemeji zangu wawili wakataka chumba, cherehani na mimi mwenyewe, cherehani ikiwa ya kwanza. Nitafika huko. Kwanza mjue mtu alikuwa wa namna gani.

Alikuwa mrefu, mkavu, na kofia ya pama iliyokuwa imechakaa kuliko yeye. Kila asubuhi aliteremka kutoka kwake mlimani, mwendo wa saa nzima kwa miguu, akasimama katikati ya ua wetu na kukohoa. Vyumba vilikuwa vinane, vinne huku na vinne kule. Akishakohoa alingoja. Mwenye shida alitoka nje akaisema, asiye na shida alisalimia kutoka ndani, "Bwakire, tata!" yaani umeamkaje, baba, naye akaitika na kwenda zake. Kukukuta mlangoni akaongea nawe alikubali, lakini unyayo wake haukuvuka kizingiti.

Kwetu Gusii kuna heshima tunayoiita chinsoni. Baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa, na mkwe wa kike hata vyombo vyake baba mkwe havisogelei. Mila hii ni ya watu wa damu na ndoa. Hakuna aliyewahi kusikia inamhusu mtu aliyepanga chumba sokoni. Yeye aliihamisha, akaileta Keroka. Alisema siku anapokupa nyumba anakuita mwanangu, na neno likishatoka halirudi mdomoni, hivyo basi wewe ni mwanawe na mkeo ni mkwewe, na yeye abaki nje. Wenzake walimcheka. Walimwambia mpangaji ni mpangaji tu, na ukimwita mwanangu ni kwa adabu ya mdomo. Alijibu kwamba yeye hana midomo miwili.

Mambo yalikuwa magumu paa lilipoanza kuvuja. Alikuwa na wajibu wa kuziba paa, na hawezi kuingia kuona linapovuja. Basi alipanda juu ya mabati na dawa yake ya lami kwenye kopo, na mimi ndani nikasimama juu ya kiti na kupenyeza kijiti cha ufagio kwenye tundu la msumari.

"Wakiona?" nilipiga kelele.

"Sioni kitu. Sukuma tena!"

"Nimesukuma, tata. Kushoto!"

"Kushoto yako ama kushoto yangu?"

Ua mzima ulitoka kutazama. Kazi ya dakika tano ilichukua asubuhi yote, lakini lile tundu halikuvuja tena.

Kuingia aliingia mara moja tu, siku ya makubaliano, kabla hajatoa funguo, wakati chumba kilikuwa bado chake. Alikuja na kipande cha mkaa. Mpangaji na yeye walizunguka ukuta pamoja, na kila ufa, kila tundu la panya, mpangaji alilionyesha na mzee akalizungushia alama nyeusi. "Hizi zangu," alisema. "Zitakazokuja baadaye ni zako." Ile methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta alikuwa nayo mdomoni wakati wote, kama wengine walivyo na bua la muwa.

Siku yetu mume wangu alikuwa nje akishusha mizigo na kuongea na madereva wa malori, kwa kuwa alipenda malori. Yeye alifanya kazi upande wa Kericho kwenye majani chai na alikuwa akija mwisho wa mwezi. Kwa hiyo ni mimi niliyezunguka na mzee. Nilimwonyesha nyufa kumi na moja. Ya kumi na moja alibisha, akasema huo ni mkwaruzo wa jembe la fundi. Nikaingiza ukucha wangu wote ndani. Akacheka, akaizungushia mkaa.

Kisha alitoa karatasi za daftari na kaboni katikati, akaketi juu ya debe na kuandika. Alianza na yake: nitatoa mlango mzima, paa lisilovuja, choo kilichochimbwa, sitaingia, sitamtoa mtu bila kumwambia mwezi mzima kabla. Hayo aliyasoma kwa sauti kwanza, jambo ambalo sijaliona tena kwa mwenye nyumba yeyote. Ndipo akafika kwetu: kufagia ua kwa zamu, kutopika pombe, kutopanda mti wala mgomba, kodi ya mwezi. Alipomaliza alimwita mume wangu kutoka kwa malori yake, wakatia sahihi, kila mmoja akachukua nakala. Mimi nilikuwa nikisugua sakafu.

Kuhusu mgomba niseme kidogo, maana hapo ndipo watu walipomwona mkatili. Sukuma wiki na vitunguu aliruhusu. Mgomba hakutaka kuuona. Mtu wa ukoo mwingine akikaa kwenye ardhi yako na kupanda kitu kinachoishi miaka, wajukuu zake watakuja kukionyesha kwa kidole na kusema hapa ni petu. Kesi za namna hiyo kwetu hazina idadi. Utingo mmoja wa lori, mpangaji wa chumba cha nne, alipanda chipukizi la mgomba nyuma ya choo akidhani halitaonekana. Mzee aliling'oa mwenyewe. Sisi tukasema sasa atalitupa barabarani na kumfukuza kijana wa watu. Kumbe alilifunga mizizi na udongo wake ndani ya gunia, akalibeba kichwani hadi Ikonge, nyumbani kwa wazazi wa yule utingo, akachimba shimo, akalipanda. Alirudi siku ya pili akichechemea. Alisema mgomba ulikuwa mali ya mpangaji, na yeye hana ruhusa ya kuharibu mali ya mpangaji. Utingo alipoenda likizo alikuta umeshatoa majani mapya.

Nisimsifu hadi nikadanganya. Alikuwa na ubishi wa mbuzi, na karatasi yake aliisoma kama mwanasheria inapomfaa. Mlango wa choo ulioza ukaanguka, na kwa miezi mitatu sisi wanawake tulijisitiri kwa gunia. Tulipomwendea alitoa nakala yake mfukoni, akaweka kidole kwenye mstari. "Imeandikwa choo kilichochimbwa," akasema. "Choo kimechimbwa. Mlango wa choo umeandikwa wapi?" Tukaondoka tukimung'unya maneno.

Wiki ileile aliniletea koti lake la Sabato nimtilie kiraka kwenye kiwiko. Alikuwa mzee wa kanisa, na koti hilo lilikuwa la kusimamia mbele ya watu. Nilitia kiraka vizuri sana. Kisha mimi na jirani yangu, mama mmoja muuza ndizi, tukalitundika kwenye mwimo wa choo, vifungo vikiwa vimefungwa. Asubuhi mzee akaja, akakohoa, hakujibiwa na mtu. Akaliona koti. Alilitazama muda mrefu.

"Fundi," akaniita, "hilo ni koti yangu?"

"Ni lako, tata. Haijaandikwa lisitundikwe wapi."

Adhuhuri seremala alikuwa ameshafika. Na mzee, badala ya kununa, alisimulia kisa hicho mwenyewe kila mahali, mpaka kanisani, akimalizia kwa kusema kwamba fundi wake wa nguo angekuwa mwanamume angekuwa wakili.

Siku ya Sabato hakupokea kodi wala malalamiko. Mlevi na mkewe walipopigana Jumamosi alisimama uani akawaambia, "Ugomvi huo uwekwe. Nitausikia kesho." Nao, sijui kwa nini, waliuweka. Huyohuyo mzee wa kanisa alikuwa na ugoro ndani ya ukingo wa kofia yake, na alipopiga chafya alisema ni vumbi la barabara ya Kericho. Tulimpa pole ya vumbi kila mara.

Sasa nifike kule.

Mume wangu aliugua kule kwenye chai na akaletwa akiwa ameshafariki. Tulimzika kwao. Mambo ya kilio sitayaeleza. Matanga yalipoisha niliomba ruhusa nirudi Keroka, kwa kuwa sare za shule moja zilikuwa mezani nusu zimekatwa, na watoto wangu wawili walihitaji kula. Shemeji mkubwa aliniambia niende, lakini nijiandae. Mimi sasa ni wa nyumba yao. Yeye atanichukua kama desturi inavyosema, na vitu vya ndugu yake vitarudi boma. Nilimwuliza vitu gani. Akasema, "Ile cherehani."

Cherehani ile ya miguu tuliinunua kwa Mhindi mwenye duka la vitambaa, ambaye pia aliniruhusu kushonea barazani kwake. Mume wangu alitanguliza, mimi nikamalizia kwa kushona miaka miwili. Usiku niliifungia chumbani. Bila cherehani mimi ningekuwa mjane wa kulishwa, na wa kulishwa hana la kukataa. Shemeji alijua hivyo vizuri kuliko mimi.

Walikuja siku ya soko, mimi nikiwa nimepeleka sare Masimba. Walikuwa wawili na shoka. Jirani yangu alikimbia kumwita Mwenye Nyumba, aliyekuwa kwa seremala, na mzee akafika mlango ukiwa umeshapasuliwa na wao wako ndani. Alisimama nje ya kizingiti akaita. Akawaamuru watoke. Shemeji mkubwa alimjibu kutoka ndani akicheka, akimwita mzee kwa heshima ya uongo:

"Si uingie utushike, omogaka? Karibu."

Walijua. Keroka nzima ilijua mzee yule haingii. Naye hakuingia. Walipotoka na cherehani mabegani alishika mguu mmoja wa chuma. Wakavuta, akaanguka kwa magoti. Hivyo ndivyo nilivyomkuta niliporudi, ameketi chini kando ya mlango wangu uliovunjika, kofia mkononi, goti linatoka damu.

Nilimtukana. Sitaficha. Nilimwambia heshima yake ni ya kuwalinda wezi, na kwamba angekuwa mwenye nyumba mbaya kama wengine, wa kuingia ovyo, cherehani yangu ingekuwa bado ndani. Nilimwambia ameniuza. Watu walinishika mkono waninyamazishe. Nilikuwa na hasira ambayo mpaka leo naikumbuka, na sehemu yake ilikuwa halali.

Mzee aliponyanyuka alisema tu mlango usiguswe na mtu. Jioni kabla ya giza mke wake aliteremka na mkeka, akalala nami kwenye chumba kisicho na mlango, siku tatu mfululizo. Huyu omong'ina, mama mzee, sikuwa nimewahi kumsikia akiongea. Mzee alimwoa baada ya mke wake wa kwanza kufariki, na wavulana wote walikuwa wa yule wa kwanza. Siku ya pili, tukimenya viazi, alisema bila kuinua macho, "Mimi nilizaa wasichana pekee. Najua vile wanaangaliaga mtu." Nilielewa naye pia anahesabu nani atamfungulia mlango siku mzee akiondoka.

Jumanne baraza la wazee lilikaa. Mimi sikuwa na nafasi pale. Mjane angemshtaki nani, na nyuma yake amesimama nani? Ndugu zangu mwenyewe walisema nirudi kwa mashemeji, yaishe. Mwenye Nyumba alitokea barabarani akiwa amebeba mlango mgongoni, ule wa kwangu, mbao zimening'inia. Akautua mbele ya wazee.

"Nani anashtaki?" mkubwa wa baraza aliuliza.

"Mimi."

"Unashtaki nini?"

"Hii mlango. Ni yangu. Hawa vijana wawili wamevunja."

Watu walicheka, na shemeji mkubwa alicheka zaidi. Akasema atanunua mbao mbili na misumari, baraza lifungwe.

"Ngoja," mzee akasema. "Mlango si mbao. Mimi nilimpa mpangaji mlango mzima, nikaandika. Kitu ikipitia kwa mlango yangu imevunjwa, irudi ndani kwa mlango yangu imesimama. Ndiyo kesi yangu. Hayo mengine mtaleta siku nyingine."

Shemeji mkubwa hakuwa mjinga. Alisimama, akavua kofia, akawasalimu wazee kwa heshima zote. Alisema Mwenye Nyumba ana haki, ila mpangaji wake alikuwa nani? Ndugu yao. Ndugu yao amefariki, na vya marehemu ni vya nyumba ya marehemu. Kama mzee anabisha, atoe ile karatasi yake maarufu aisome.

Nilikaa nyuma pamoja na wanawake. Nilikuwa nimeiona karatasi. Ilikuwa na jina la mume wangu, sahihi ya mume wangu, na mimi sikuwemo hata kama herufi.

Mzee aliitoa, akaifungua, akaisoma yote kwa sauti, kuanzia mlango hadi kodi, na jina akalisoma pia. Hakuruka kitu. Huyu alikuwa mtu ambaye kwa miaka yote kauli yake ilikuwa kwamba kilichoandikwa kimeandikwa. Wapangaji wangapi aliwakata kauli kwa kidole kwenye mstari! Nilimwona akiikunja karatasi mara mbili, tatu, mpaka ikawa ndogo.

"Hii karatasi imekosea," akasema.

"Si ni wewe uliandika?" mkubwa wa baraza akamwuliza.

"Ni mimi. Nimekosea mimi. Niliandika mtu wa mwisho wa mwezi. Yule tulizunguka ukuta na yeye, yule analala, anafagia, anagombana na mimi juu ya choo, ni huyu mama. Nyumba nilimkabidhi huyu, na jina nikaandika ya yule."

"Na kwa nini hukumwandika huyu?"

Alizungusha kofia vidoleni.

"Kwa sababu ni mwanamke," akasema. "Nilidhani karatasi huandikwa hivyo. Sikufikiri."

Hakuna aliyecheka. Kwa mtu wa umri wake, mzee wa kanisa, kusimama mbele ya vijana waliomwangusha kwa magoti na kusema sikufikiri, ni afadhali wangemwongeza kipigo. Mimi nililia pale nilipokaa, na hasira yangu yote ya siku ile ya soko ikanitoka.

Wazee walikwenda pembeni, wakarudi. Walisema hawakuletewa habari ya mjane wala ya urithi, wameletewa mlango. Mlango umevunjwa, na hilo hakuna anayelikana. Basi usimamishwe na waliouvunja, na kilichotolewa kirudishwe ndani, palepale kilipokuwa. Mwenye neno jingine alilete kwa njia yake. Shemeji zangu walijua njia nyingine ni ndefu na ina maswali mengi kuhusu aliyemalizia kununua cherehani. Kabla ya Sabato iliyofuata waliirudisha, mkanda umekatika. Wakatundika mlango huku mzee amesimama nje akiwaelekeza bawaba. Walinitumia ujumbe wa kunichukua mara mbili nyingine. Nilikataa mara zote mbili, nikiwa nimeketi kwenye cherehani yangu, na wakachoka.

Karatasi mpya aliiandika siku hiyohiyo kwa jina langu. Tangu hapo kila aliyekuja kupanga na mkewe aliulizwa swali moja: nani atakaa? Majina yakaandikwa mawili. Wanaume wengine walikasirika. Mwalimu mmoja alimwambia hapangi nyumba na mkewe, anampangia mkewe, akachukua virago akaenda kwingine, na chumba kikakaa kitupu miezi miwili. Rafiki zake walimwuliza kama fundi wa nguo amemlisha kitu. Hakuwajibu vizuri.

Nilikaa kwake miaka minane zaidi. Watoto walipoingia sekondari nilihamia Masimba, kwenye chumba cha barabarani chenye dirisha la kuonyeshea nguo, nikawa namwona mara chache. Nilisikia miguu imemkataa, hateremki tena Keroka, na wavulana wake ndio wanaokusanya kodi.

Mara ya mwisho aliniita mwenyewe. Alimtuma mtu aniambie nije na daftari na kaboni. Nilipanda ule mlima nikidhani anataka kuandika wosia, na njiani nikatafuta maneno ya kukataa, maana mambo ya wosia wa watu wenye watoto wa kiume ni moto. Nilimkuta kwenye kiti cha kamba nje, amepungua sana, mke wake kando akichambua maharagwe. Tulisalimiana. Akaniambia niketi, niandike.

"Chumba yako ya zamani," akasema. "Nampangisha."

"Unampangisha nani, tata?"

Akaelekeza kidevu kwa mke wake. Omong'ina aliacha kuchambua.

Alinieleza polepole, akipumzika katikati. Ardhi ya mlimani wavulana wataigawa, na hilo hawezi kulizuia. Akisema mama yao mdogo apewe kitu, watasema ndiyo mbele yake na yaya, yaani hapana, nyuma ya kaburi. Lakini mpangaji ni mpangaji. Mpangaji ana karatasi, na wavulana wenyewe wameona baraza likiheshimu karatasi. Basi anampangisha mkewe chumba hicho mpaka siku atakapokufa, nakala moja ikae kwangu Masimba, nyingine kanisani.

Niliandika. Nilipofika kwenye kodi niliuliza niweke nini.

"Andika imelipwa," akasema.

"Yaya," omong'ina akasema. Ilikuwa mara yangu ya pili kumsikia akisema neno lake mwenyewe. "Andika imelipwa na imezidi. Miaka thelathini na nane nimepika."

Mzee alimtazama, akanitazama, akatikisa kichwa kwamba niandike. Nikauliza jina la mpangaji. Mzee akafungua mdomo. Sikuzote alikuwa amemwita mama wa fulani, kwa jina la binti yao mkubwa, na sasa alikaa vile mdomo wazi, macho kwenye daftari langu, akilitafuta. Hatukumsaidia. Mwishowe mkewe alisema mwenyewe:

"Nyaboke."

Nililiandika kwa herufi kubwa. Akauliza kama anaweza kuongeza sharti lake, nikasema mpangaji anayo haki. "Andika asiniletee mke mwenza kwa hiyo nyumba," akasema, na mzee, ambaye kusimama tu kulimshinda, akacheka mpaka akakohoa. Hilo pia niliandika. Omong'ina alipaka kidole wino wa kalamu yangu, akakikandamiza chini ya jina lake, na kuinamia lile doa akilipulizia likauke. Lilikuwa limekauka zamani, naye bado anapuliza. Mzee alitia sahihi ya kutetemeka. Kisha akasema, kama siku zote, mgeni ameandika sana, apakuliwe chakula.

Omong'ina aliinuka nusu. Halafu akaketi tena, karatasi mapajani, akainyoosha kwa viganja vyote viwili.

"Mimi ni mpangaji," akasema. "Mgeni apakuliwe na mwenye nyumba."

Nilitaka kuinuka mimi, akanishika gauni, nikakaa. Mzee alitutazama sisi wawili. Kisha akashika fimbo, akajisukuma, akasimama, akaenda akishika ukuta kwa mkono mmoja hadi jikoni, mahali ambapo mwanamume wa kwetu hana kazi napo. Tulimsikia akifungua kitu, akifunga, akiangusha kifuniko, akifungua kingine. Nyumba ile aliijenga kwa mikono yake, na hakujua sahani zinakaa wapi.